Tundu Moja la Umeme, Vifaa Sita: Jinsi ya Kuchagua Chaja ya Safari

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo hasafiri tena na simu moja. Anayo simu ya laini ya nyumbani, ambayo ndiyo inapokea ujumbe wa benki na wa pesa za mtandao, na anayo ya pili yenye laini ya China kwa ajili ya kuwasiliana na viwanda. Kwenye mkoba kuna kompyuta mpakato yenye orodha za bidhaa na ankara, na kuna pawabenki kwa kuwa atashinda sokoni kutwa nzima. Mkononi kavaa saa ya kuchaji, mfukoni ana kijikasha cha spika za masikioni. Hivyo ni vifaa sita. Katika hoteli ndogo za mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia, tundu la umeme lililo karibu na kitanda huenda likawa moja, na huenda lisiipokee plagi aliyotoka nayo Tanzania.

Wengine wako katika hali hiyo hiyo. Mahujaji hulala wengi katika hema moja kule Mina, na matundu ya umeme hugombewa. Mwanafunzi wa Kampala anayekwenda kusoma Uturuki, familia ya Muscat inayorudi Zanzibar kwa likizo, mwandishi wa habari anayetoka Nairobi kwenda Goma: wote wakifika dukani huuliza chaja gani itatosha kila kitu. Muuzaji hujibu kwa kuonyesha namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi. Wati 65. Wati 100. Wati 140. Kwa chaja ya kampuni inayoaminika namba hiyo kwa kawaida ni ya kweli, ila peke yake haimwambii mnunuzi mengi. Yanayoamua kama safari itakuwa nyepesi au ya kero yameandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, na inafaa boksi ligeuzwe yasomwe kabla pesa haijatoka.

Kuuliza habari ya chaja moja kwa vifaa vyote kusingewezekana zamani kidogo. Kila kampuni ilikuwa na pini yake, nyembamba, bapa au pana, na mtu mwenye vifaa vinne alibeba chaja nne. Mwaka 2014 ulitoka muundo wa USB-C, ile pini ndogo isiyo na juu wala chini ambayo madukani inaitwa Taipu C. Ilichukua karibu miaka kumi kuenea. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, vishikwambi, kamera za kidijitali, vipokea sauti na spika za kubeba zinazouzwa katika nchi zake ziwe na tundu hilo. Kompyuta mpakato zikaongezewa muda hadi tarehe 28 Aprili 2026. Apple, iliyokuwa imeng'ang'ania pini yake, ilihamia USB-C kwa iPhone 15 mwezi Septemba 2023. Kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza simu ya namna moja kwa Ulaya na ya namna nyingine kwa Afrika, uamuzi uliofanywa Brussels umefika hadi kwenye vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Kulikuwa na badiliko jingine lililopita kimyakimya. Oktoba 2020 Apple ilianza kuuza iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, na Januari 2021 Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S21. Tangu hapo mnunuzi wa simu ghali amekuwa akirudi nyumbani na waya mtupu, na kichwa anajitafutia mwenyewe. Jukumu la kujua chaja ipi inafaa limehama kutoka kiwandani hadi kwa mtu wa kawaida, na hakuna aliyemfundisha.

Basi na tuanzie mwanzo. Wati ni volti mara ampea. Tundu la USB la miaka ya tisini lilitoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, umeme wa kutosha kuendesha kipanya cha kompyuta lakini mdogo mno kwa simu ya leo. Chaja za sasa hufuata utaratibu unaoandikwa PD kwenye maboksi. Utaratibu huo una ngazi za volti 5, 9, 15 na 20, na unafika wati 100 kwa volti 20 na ampea 5. Mwaka 2021 ulipanuliwa hadi volti 48 na wati 240 kwa ajili ya kompyuta kubwa.

Waya unapochomekwa, chaja haimwagi wati zake zote. Huanza na volti 5 zisizo na hatari kwa kifaa chochote cha USB, kisha hutangaza ngazi ilizonazo. Simu huchagua moja na kusema inahitaji kiasi gani. Chaja hukubali, ndipo volti hupanda. Mazungumzo haya huisha ndani ya sekunde moja, na yasipoelewana chaja hubaki kwenye volti 5 na simu huchaji polepole.

Kwa hiyo ile hofu iliyoenea, kwamba chaja kubwa itaua betri ya simu ndogo, haina msingi. Simu inayopokea wati 25, ikichomekwa kwenye chaja ya wati 100, huvuta 25 na si zaidi. Spika za masikioni zitavuta wati chache tu kutoka kwenye tundu hilo hilo lililokuwa likiilisha kompyuta. Betri huchoshwa na joto, na huharibiwa na chaja mbovu inayotoa volti zisizo thabiti. Ukubwa wa namba hauna kosa. Inafaa jambo hili lisemwe waziwazi kwa sababu watu wengi bado wanabeba chaja mbili, ya simu na ya kompyuta, kwa kuogopa hatari ambayo haipo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hununua kupita kiasi. Betri ya simu yenye mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 19. Simu mbili ni wati-saa 38. Kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisi hubeba kama 50 au 60. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74. Saa na spika za masikioni ni kidogo mno. Jumla, vifaa vyote sita vikiwa vimekauka kabisa, haifiki 180. Ukiongeza umeme unaopotea kama joto, tuseme 210. Msafiri akilala saa saba, wastani unaohitajika ni wati 30 tu.

Wati thelathini! Chaja ya wati 65 inazimudu huku imepumzika. Usiku una saa nyingi, na mwendo wa haraka hauna faida kwa mtu aliyelala. Kinachokwamisha usiku ni uchache wa matundu: chaja ya wati 100 yenye tundu moja itamlazimu mwenyewe aamke saa nane kubadilisha waya, wakati ya wati 65 yenye matundu matatu itamwacha alale. Na kwa kuwa pawabenki nyingi zinaweza kupokea na kutoa umeme kwa wakati mmoja, saa na spika zinaweza kuchomekwa kwenye pawabenki wakati yenyewe inachaji, hivyo matundu matatu yakahudumia vifaa vitano.

Mchana hesabu hubadilika. Mtu aliye na nusu saa ya kusubiri ndege Addis Ababa au Doha anataka simu ipande kutoka asilimia 10 hadi 60, na hapo chaji ya haraka ina thamani halisi. Lakini nusu saa hiyo mara nyingi ni ya kifaa kimoja au viwili. Kwa hiyo chaja ya safari ina kazi mbili: usiku ihudumie vingi polepole, mchana ihudumie kimoja kwa nguvu. Anayeipima kwa kazi hizi mbili hatadanganywa na namba ya mbele.

Turudi kwenye maandishi madogo. Wati 65 zilizotajwa mbele ya boksi karibu kila mara ni za tundu moja likiwa peke yake. Ukichomeka kifaa cha pili, chaja hugawa. Mgawanyo mmoja unaoonekana sana ni wati 45 kwa tundu la kwanza na 20 kwa la pili. Ukiongeza cha tatu, chaja nyingi huacha 45 kwa la kwanza, na mawili yaliyobaki hugawana takriban wati 15 kwa volti 5, ambako chaji ya haraka huzimika kabisa. Nyingine hugawa kwa namna isiyomfaa mwenye kompyuta: 30 kwa 30, basi. Kompyuta inayotaka 45 ikipewa 30, huchaji ikiwa imezimwa tu, au hutoa onyo, au hukataa.

Mgawanyo huo huandikwa nyuma ya boksi au ubavuni mwa chaja yenyewe, kwa kawaida kama C1, C2 na A vikiwa na alama ya kujumlisha katikati. Mstari wa kuutafuta ni ule wa matundu yote yakitumika pamoja. Boksi lisilo na mstari huo linaficha jambo, na ni afadhali kuliacha.

Kuna tabia moja ya chaja hizi inayowatisha wasioijua. Kifaa kipya kinapochomekwa au kuchomolewa, chaja nyingi hukata umeme kwa vifaa vyote kwa sekunde moja au mbili ili zianze mazungumzo upya. Kompyuta itaonyesha imechomolewa, kisha itarudi. Hilo si ubovu. Ila mwenye kuendesha diski ya nje isiyo na betri kutoka kwenye chaja hiyo ajihadhari, maana diski hukatika katikati ya kunakili faili.

Kiasi gani basi kinatosha? Msafiri aangalie kwanza kifaa chake kinachokula zaidi, ambacho karibu daima ni kompyuta. Chaja yake ya asili imeandikwa volti na ampea: ikisomeka volti 19.5 na ampea 3.33, hiyo ni wati 65. Kompyuta nyingi za ofisi za HP, Dell na Lenovo huja na chaja za wati 45 au 65. MacBook Air hutosheka na 30 au 35. MacBook Pro ya inchi 16 huja na 140. Ikumbukwe kwamba kompyuta nyingi za mitumba zenye pini ya duara hazichaji kupitia USB-C, na zipo zenye tundu la USB-C linalopitisha data tu bila kupokea umeme. Kabla ya kununua chochote, mwenyewe aijaribu nyumbani kwa kuazima chaja ya mtu.

Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida, wati 65 na matundu matatu ni chaguo la busara. Wenzi wawili wenye kompyuta mbili watahitaji 100, na wahakikishe mgawanyo wake ni kama 65 kwa 30 au 45 kwa 45. Asiye na kompyuta hana haja ya kuvuka wati 45. Zaidi ya hapo analipia uzito.

Jambo linalowaudhi wenye simu za Oppo, realme, OnePlus na baadhi ya Tecno na Infinix ni kwamba mwendo wa kasi ulioandikwa kwenye boksi la simu, wati 45 au 67 au zaidi, mara nyingi hupatikana kwa chaja ya kampuni ile ile tu, na wakati mwingine kwa waya wake pia. Kampuni hizo zilijitengenezea taratibu zao nje ya PD. Simu itachaji kwa chaja ya safari, ila kwa mwendo wa kadiri, pengine wati 15 au 18. Kwa usiku hilo halina shida. Samsung nayo ina sharti lake: kasi yake ya wati 25 na 45 hutaka chaja ya PD yenye uwezo unaoandikwa PPS, unaoiruhusu kubadili volti kidogokidogo kadiri simu inavyoagiza. Mwenye Galaxy azitafute herufi hizo tatu.

Herufi nyingine zinazopambwa kwenye maboksi ni GaN, na hizi zina maana ya kweli. Chaja yoyote hukatakata umeme wa ukutani mara maelfu mengi kwa sekunde kisha huupitisha kwenye transfoma ndogo ndani yake. Kadiri ukataji unavyokwenda kasi, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo. Zamani swichi za kazi hiyo zilikuwa za silikoni. Zile za galiamu na nitrojeni hukata kwa kasi zaidi na hupoteza umeme mchache zaidi kama joto, kwa hiyo chaja ya wati 65 ambayo ilikuwa tofali zito la kompyuta sasa inaenea kwenye kiganja. Maada hiyo hiyo ndiyo iliyowezesha taa za LED za buluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa mwenye mkoba wa kilo saba ndani ya ndege, gharama ya ziada inastahili. Hata hivyo joto halijaisha: chaja hizi hupata moto zinapofanya kazi kwa nguvu, na haifai kuzifunika kwa mto au shuka.

Waya ndiyo sehemu inayodharauliwa. Mtu hununua chaja nzuri, kisha huichomekea waya wa barabarani na kulalamika kuwa chaja ni mbovu. Waya wa kawaida wa USB-C kwa USB-C hupitisha ampea 3, sawa na wati 60, hata ukiunganishwa na chaja ya 140. Kupita hapo waya lazima uwe na kijichipu ndani ya pini kinachoiambia chaja kwamba nyaya zake zinahimili ampea 5. Waya wa aina hiyo huandikwa wati 100 au, kwa ule mpya zaidi, wati 240. Kwa safari, mmoja wa 100 au 240 kwa kompyuta na mbili za kawaida kwa simu zinatosha. Urefu wa mita mbili ni bora kuliko wa mita moja, kwa kuwa matundu ya hoteli yana desturi ya kuwa nyuma ya kabati.

Halafu kuna kero moja ambayo wauzaji wachache hujua kuieleza. Tochi, feni ndogo, mashine ya kunyolea au spika ya bei nafuu ina tundu la USB-C kabisa, lakini ukiichomeka kwenye tundu la USB-C la chaja mpya, haichaji. Mwenyewe hudhani imekufa. Kisa chake ni kwamba kifaa cha USB-C kinatakiwa kuwa na vizuizi viwili vidogo vya umeme vinavyoijulisha chaja kwamba kuna kitu kimechomekwa. Bila hivyo chaja haitoi chochote, hata zile volti 5. Viwanda vinavyobana senti huviacha. Dawa ni kutumia tundu la zamani, lile pana la USB-A, pamoja na waya wa A kwa C, kwa sababu tundu hilo hutoa volti 5 wakati wote bila kuuliza. Chaja yenye tundu moja la A pamoja na mawili ya C bado ni bora kwa msafiri wa Afrika Mashariki kuliko ile yenye C tupu.

Ukutani nako kuna mambo. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa ambayo Uingereza iliiweka kuwa kiwango mwaka 1947, na volti ni 230 hadi 240. Baadhi ya majengo ya zamani Tanzania bado yana matundu ya pini nene za duara. Falme za Kiarabu, Oman na Qatar hutumia pini hizo tatu bapa, na Saudi Arabia imezichukua kuwa kiwango chake ingawa hoteli zake zina matundu ya kila namna. Kwa hiyo anayetoka Mombasa kwenda Dubai hahitaji kununua kitu. Akivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Bukavu atakuta mara nyingi matundu ya pini mbili za duara, na Uturuki na sehemu kubwa ya Ulaya ni vivyo hivyo. Afrika Kusini ina pini tatu nene za duara. China ina pini bapa zilizolazwa kimshazari, na pia mbili bapa zilizonyooka. Marekani ni mbili bapa, na volti 120.

Adapta inayouzwa kwa ajili hiyo hubadilisha umbo la pini peke yake. Volti hubaki zile zile. Kwa chaja hilo si tatizo, mradi ubavuni pameandikwa INPUT 100-240V na 50/60Hz, maana yake inafanya kazi popote duniani. Karibu chaja zote za simu na kompyuta zimeandikwa hivyo. Pasi na mashine ya kukaushia nywele huwa na habari nyingine: ya volti 120 iliyoletwa kama zawadi kutoka Minnesota itaungua Nairobi siku ya kwanza, adapta iwepo isiwepo.

Adapta zile za dunia nzima zenye pini za kusukuma na kuvuta huwa na matundu ya USB pia, na msafiri hushawishika kuziona ndiyo chaja. Nyingi hutoa wati 12 au 15 tu kwa matundu yote. Tena ni nzito, na zikitundikwa kwenye tundu la hoteli lililolegea huinama, pini hugusa na kuachia, cheche hutokea. Chaja nzito ikining'inia juu ya adapta hufanya hali kuwa mbaya zaidi. Wanaosafiri sana hupenda chaja ya kuweka mezani yenye waya wa redio wa kuchomoa, ule wenye mwisho unaofanana na tarakimu nane. Chaja hukaa mezani, na waya wa redio wa plagi ya nchi husika hununuliwa kwa bei ndogo popote, Kariakoo au Guangzhou. Hakuna adapta, na ukutani panabaki plagi nyepesi.

Kuhusu feki hakuna mahali pa kulegea. Mwaka 2016 kampuni ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa vifaa vya umeme, ilijaribu chaja 400 za simu za kughushi zilizobeba jina la Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa majaribio ya usalama, na chaja 12 ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji kwa shoti. Ndani ya chaja nzuri upande wa volti 230 umetenganishwa na upande wa simu kwa transfoma iliyozungushiwa kinga na kwa nafasi ya milimita kadhaa kwenye bodi. Ya kughushi huibana nafasi hiyo, na siku kinga inapopasuka, umeme wa ukutani hufika kwenye simu iliyo mkononi au sikioni mwa mtu.

Alama za kuangalia zinajulikana na wanaozijali: maandishi ya INPUT na OUTPUT yaliyo kamili na yasiyo na makosa ya herufi, pini zisizocheza, uzito unaolingana na wati zinazodaiwa, jina la kampuni inayoweza kutafutwa, na alama ya ubora ya KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania. Kijichaja chepesi kinachodai wati 100 kwa bei ya soda kadhaa hakiwezi kuwa na wati 100. Hata chaja nzuri inastahili kuchomolewa umeme unapokatika, kwa kuwa mara nyingi umeme hurudi na kishindo, na dakika chache za kusubiri kabla ya kuirudisha ukutani huiokoa.

Sharti jingine linatoka kwa mashirika ya ndege, na linaihusu pawabenki. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado uwanjani huko Busan, Korea Kusini, na uchunguzi ulielekeza kwenye pawabenki iliyokuwa kabatini juu ya viti. Sheria ya zamani inabaki: pawabenki haiingii kwenye begi la kuchekiwa, husafiri na abiria mkononi. Isiyozidi wati-saa 100 haihitaji kibali. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Zaidi ya hapo haipandi. Hesabu yake ni mAh mara 3.7, kisha kugawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni 74 na inapita. Ya mAh 30,000 ni 111 na inahitaji idhini. Ile inayouzwa sokoni kwa kudaiwa mAh 50,000 ingekuwa 185, kwa hiyo ama hairuhusiwi ndani ya ndege, ama maandishi yake ni ya uongo.

Kwa njia ya Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Dubai masharti yamekazwa zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyofika wati-saa 100, iliyoandikwa uwezo wake waziwazi, na hairuhusiwi kutumika wala kuchajiwa ndani ya ndege. China nayo, tangu tarehe 28 Juni 2025, haipokei kwenye safari zake za ndani pawabenki isiyo na 3C, alama ya usalama ya nchi hiyo. Anayetua Guangzhou kisha akapanda ndege nyingine kwenda Yiwu anaweza kuiacha pawabenki yake ya Kariakoo kwenye ukaguzi.

Hapo ndipo chaja zenye betri ndani yake zinapoleta mtego. Ni kifaa kizuri: kichwa cha chaja na pawabenki katika umbo moja. Lakini kwa sheria za ndege hicho ni pawabenki, na kikisahauliwa kwenye begi kubwa, begi linaweza kufunguliwa au kuzuiwa. Chaja isiyo na betri haina vikwazo hivyo na inaweza kukaa popote.

Siku chache kabla ya safari, vifaa vyote na vichomekwe pamoja kwenye chaja hiyo moja, nyumbani, usiku kucha, kwa nyaya zile zile zitakazobebwa. Asubuhi kila kifaa kiwe kimejaa. Kisichojaa kitaonyesha tatizo liko wapi: kihamishiwe tundu lingine usiku unaofuata, kisha kibadilishiwe waya, na kama bado hakijajaa, duka lililouza chaja liko karibu na risiti bado ipo.